Penzi Ndani ya Hadithi ya Upelelezi: Barua za Wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Barua za mwezi huu zimetoka pande zote za ziwa, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mapenzi yana kazi gani kwenye hadithi ya mauaji na upelelezi? Tumechagua saba. Majina ya walioandika tumeyaficha, ili kazi zao zisiharibike kabla hazijatoka.

SWALI: Shikamooni wahariri. Ninaandika riwaya ya mfanyabiashara wa dagaa anayekutwa amekufa ziwani. Mkaguzi wa polisi anayepeleleza kesi anampenda mjane wa marehemu. Rafiki yangu aliyesoma fasihi anasema kuna kanuni inayokataza mapenzi kwenye hadithi za upelelezi. Ni kweli? (Msomaji, Nansio, Ukerewe)

JIBU: Marahaba. Rafiki yako hajakosea. Mwaka 1928 mwandishi Mmarekani S. S. Van Dine alichapisha kanuni 20 za hadithi za upelelezi, na ya 3 inayakataa mapenzi waziwazi: shughuli iliyopo ni kumfikisha mhalifu kwenye sheria, basi mambo ya kuoana yasiingizwe. Kipindi hichohicho Dorothy L. Sayers wa Uingereza naye alilalamika kwamba mapenzi yanazidhoofisha hadithi hizi. Kisha mwaka 1930 Sayers huyohuyo akatoa Strong Poison, ambamo mpelelezi wake anampenda mwanamke aliyeko kizimbani kwa tuhuma za kumuua mpenzi wake wa zamani kwa sumu ya aseniki.

Hapo hakuwa amejisahau. Alikuwa amepata njia ya kuyafanyisha mapenzi kazi. Mpelelezi anaomba kuoa, mwanamke anakataa, na anaendelea kukataa hadi Gaudy Night ya 1935. Sababu ya kukataa imezaliwa na kesi yenyewe: aliyekutoa kwenye kitanzi anakudai uhai wako, na mtu hawezi kupenda kwa uhuru huku anadaiwa. Ukiiondoa kesi, kizuizi hakipo. Ukiliondoa penzi, kesi inakuwa nyembamba. Hicho ndicho kipimo tunachokushauri utumie: futa penzi kwenye muhtasari wako, kisha uone kama muuaji anakamatwa vilevile, kwa ushahidi uleule, siku ileile. Akikamatwa vilevile, penzi lako ni pambo na kanuni ya Van Dine inakuhusu.

Kanuni ile iliwekwa kwa sababu ya maana. Mpelelezi ni jicho la msomaji, na jicho lililopenda halioni sawasawa. Basi usilifiche jambo hilo, litumie. Mwache mkaguzi achukue maelezo ya mjane mara 4 na ya shemeji wa marehemu mara 1 tu, na mwache mkubwa wake kazini aigundue tofauti hiyo kwenye jalada. Askari anayempenda mtu aliyemo kwenye kesi anapaswa kumwachia mwenzake jalada. Asipoliacha, wakili wa utetezi atamsulubu mahakamani, na muuaji wa kweli anaweza kutoka kwa mlango huo.

Angalia kalenda pia. Kama mjane wako ni Mwislamu ana eda ya miezi 4 na siku 10, na kama ni mjamzito eda inakwisha anapojifungua. Katika muda huo hapokei posa, na kila mwanamume anayepiga hodi anahesabiwa na mtaa mzima. Waandishi wengi hufanya kosa la kuwakutanisha wapendanao wiki ya 2 baada ya mazishi, bila jirani hata mmoja kusema neno. Nansio hakuna mtaa wa namna hiyo.

SWALI: Naandika simulizi za kulipia kwenye WhatsApp, sehemu moja kila siku. Wasomaji wakikosa mapenzi sehemu 2 mfululizo wananinunia. Nikizidisha, wanasema nimesahau maiti. Nipime vipi? (Mwandishi wa simulizi, Igoma)

JIBU: Tuchukue simulizi ya sehemu 40, kila sehemu maneno 1,000. Maiti ionekane kabla sehemu ya 3 haijaisha. Wapendanao wakutane kabla ya sehemu ya 6, na mmoja wao awe ameshatajwa kwenye kesi wakati huo. Baada ya hapo, sehemu 10 hadi 12 zenye mapenzi zinatosha. Katika sehemu 5 za mwisho kabla ya kufichuliwa kwa muuaji usilete mapenzi mapya. Yaliyopo yatoe majibu.

Lakini idadi peke yake haitakuokoa. Chora safu 3 kwenye daftari. Ya kwanza: wapendanao wanafanya nini. Ya pili: msomaji anajua nini kipya kuhusu kifo. Ya tatu: nani amedanganya, na kwa nini. Kila sehemu ya mapenzi ijaze safu zote 3. Safu ya pili ikibaki tupu, sehemu hiyo ndiyo inayowafanya wasomaji waulize maiti iko wapi. Mara nyingi ni ile ambamo wawili wanatembea Capri Point, jua linazama nyuma ya mawe, wanashikana mikono, kisha itaendelea. Usiitupe. Weka ndani yake kitu kimoja kidogo: simu inayoita mara 2 na kuzimwa bila kutazamwa, saa ya mkononi isiyokuwepo jana, jina la kijiji alichosema hajawahi kufika lakini anaijua njia yake.

Jambo jingine ni pale unapokatia. Ukikatia sehemu ya mapenzi kwenye busu, na sehemu ya upelelezi kwenye bastola, msomaji anaizoea saa yako ndani ya wiki moja. Badilisha: sehemu ya mapenzi imalizikie kwenye swali la kesi, na sehemu ya upelelezi imalizikie kwenye swali la moyo. Yule anayelalamika kukosa mapenzi atakuwa nayo kichwani hata siku ambayo hukuyaandika.

SWALI: Muuaji wangu ni mchumba wa dada anayepeleleza kifo cha kaka yake. Kila ninayempa rasimu anamtaja muuaji kabla ya kufika nusu. Nimficheje? (Mwalimu, Sengerema)

JIBU: Wanamtambua kwa sababu hana shughuli nyingine zaidi ya kupenda. Msomaji wa hadithi hizi ameshazoea kwamba mtu asiye na kazi inayoonekana ana kazi ya kificho. Mchumba wako ni mgeni, mzuri, mpole, hana mama wala deni wala siku aliyoamka vibaya, na mshukiwa mwingine pekee ni mjomba mkali anayefoka kila ukurasa. Hapo umewaandikia jibu.

Kwanza, mpe kazi ndani ya upelelezi. Yeye ndiye agundue kidokezo kimoja cha kweli, kinachomwelekea mtu mwingine kwa haki kabisa. Pili, mpe uongo mdogo unaofichuka katikati ya kitabu, wenye aibu lakini usio na damu. Kwa mfano ana mtoto Geita anayemtumia pesa kila mwezi na hakuwahi kusema. Dada atakasirika, atalia, atasamehe. Msomaji naye atasamehe pamoja naye, na akishamsamehe mtu mara moja huona aibu kumshuku tena. Uongo huo mdogo unaufunika ule mkubwa.

Tatu, na hapa ndipo tunapotaka ukae muda mrefu: kidokezo kinachomfunga kiweke ndani ya tukio la mapenzi lenyewe. Macho ya msomaji yako kwenye moyo wa dada, hayapo kwenye maneno. Chukua mfano wa ziwa lako. Uvuvi wa dagaa unategemea giza. Taa huwashwa juu ya maji, iwe karabai au za sola, wadudu na dagaa wanaufuata mwanga, kisha wanazungushiwa wavu. Mbalamwezi ikijaa, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa haivuti kitu, kwa hiyo siku hizo wavuvi wa dagaa hupumzika na kutengeneza nyavu. Sasa mchumba anakuja usiku wa manane, nguo zimelowa, anasema ametoka kuvua dagaa. Dada anafurahi kwamba amekuja moja kwa moja kwake kabla hata ya kwenda kulala. Wanakaa nje, anauona uso wake wote, anahesabu hata kovu dogo chini ya jicho. Hakuna taa uani. Umeshamwambia msomaji kwamba mwezi umejaa, na hajasikia.

Usiliweke jambo hilo mwisho wa aya, kwa sababu mwisho wa aya ndipo macho yanapopumzika na kuwaza. Liweke katikati, kati ya mambo mawili ya moyo. Kisha, sura 8 hivi baadaye, kijana wa kambi ya wavuvi aseme kwa kupita tu kwamba wiki ile wote walikuwa nchi kavu kwa sababu ya mbalamwezi. Kisha sura nyingine 10 zipite kabla dada hajayaunganisha. Yakikaribiana, msomaji anayaunganisha kabla yake. Yakitengana mno bila kukumbushwa, atasema umemlaghai.

Ukitaja tarehe, tafuta mwezi ulikuwaje siku hiyo. Mwezi mpevu huchomoza karibu na machweo, ambayo Mwanza ni kwenye saa 1 jioni, na kila usiku unaofuata huchelewa kwa takriban dakika 50. Usiku wa 5 baada ya mwezi kujaa, giza linakaa hadi kama saa 5, na mvuvi mwenye njaa anaweza kuingia majini. Basi tumia usiku wenyewe wa mwezi mpevu au unaofuata. Na mchumba asiwe mvuvi wa kweli: mvuvi angejua kusema alikwenda kutega sangara, kwa kuwa nyavu na ndoano za sangara hazihitaji taa, na uongo wake ungepita.

SWALI: Wahusika wangu wakitongozana wanasikika kama filamu iliyotafsiriwa. "Nakupenda sana mpenzi wangu, wewe ni maisha yangu." Nifanyeje? (Msomaji, Magu)

JIBU: Yafute yote mawili, "nakupenda" na "mpenzi", kwenye rasimu nzima, kisha rudisha moja tu mahali panapouma. Penzi la watu wetu husikika zaidi kwenye "umeshakula?", "umefika salama?", na kwenye samaki aliyechaguliwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, asubuhi na kutumwa kwa bodaboda akiwa bado na barafu.

Kwa mwandishi wa upelelezi Kiswahili kina hazina tatu ambazo hazitumiki vya kutosha.

Ya kwanza ni salamu. Binti anayeuza sato mwaloni humwamkia tajiri wa mitumbwi "shikamoo" kila siku mbele za watu. Asubuhi moja anasema "za toka jana?" naye tajiri anaitika bila kushtuka. Huhitaji kuandika kingine. Vivyo hivyo shemeji wa marehemu anayemwita mjane "shemeji" miaka yote, halafu msibani, akiwa amechoka, anamwita kwa jina lake. Au mume anayemwita mkewe "mama" wa mtoto wao wa kwanza, kisha mbele ya polisi anataja jina lake la usichana. Kinyume chake nacho kinafaa: wawili wanaoficha jambo huzidisha heshima. Mpelelezi wako awe mtu anayesikiliza salamu. Hakikisha tu salamu ya kawaida imeonekana mara 2 kabla haijabadilika, la sivyo msomaji hana cha kulinganisha.

Ya pili ni kwamba kitenzi chetu hakitaji jinsia. "Alikuja usiku, wakakaa uani, akaondoka alfajiri." Shahidi amesema kweli tupu, na msomaji ameshachora mwanamke kichwani kwa sababu marehemu alikuwa mwanamume mwenye sifa za wanawake. Mgeni anaweza kuwa kaka yake, mdai wake, yeyote. Tumia "mgeni wake" au "mwenzake". Ukiandika "mtu huyo" mara 3 mfululizo, msomaji ananusa. Na usiutumie ujanja huu kwa msimulizi anayesema "mimi" na ambaye alimwona mgeni kwa macho yake. Huko ni kumdanganya msomaji badala ya kumwacha ajidanganye.

Ya tatu ni mlango wa kutokea kwenye ujanja huohuo: kuoa na kuolewa. Barua isiyo na jina inaweza kupita mikono ya watu 5 bila kujulikana imeandikwa na nani, hadi mtu mmoja aisome kwa sauti na kufika pale isemapo "ningekuwa nimeshakuoa". Mwanamke asingeandika hivyo. Nusu ya washukiwa wameondoka kwa neno moja, na lilikuwa mbele ya msomaji tangu sura ya 4.

SWALI: Je, mhalifu wangu anaweza kumwoa shahidi ili asitoe ushahidi? Nimeona kwenye filamu za nje. (Mwanafunzi wa sheria, Nyamagana)

JIBU: Anaweza, lakini matokeo yake si yale ya filamu. Kwa Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya 1967, mke au mume wa mshtakiwa anaruhusiwa kutoa ushahidi upande wa mashtaka ila kwa kawaida halazimishwi, na kuna makosa ambayo kinga hiyo haiyahusu. Wewe unasomea sheria, usome kifungu chote kabla ya kuandika. Kwa hadithi hilo ni jambo jema kuliko kufungwa mdomo. Mwanamke anasimama mahakamani, hakimu anamweleza kwamba hawezi kulazimishwa, na sasa uamuzi ni wake. Penzi lote la kitabu linapimwa hapo, mbele ya watu.

Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inakupa saa ya kuhesabu. Wanaotaka kufunga ndoa hutoa taarifa siku 21 kabla, na mwenye sababu anaweza kuweka pingamizi. Siku 21 za mpelelezi kukimbizana na harusi ni taharuki uliyopewa bure. Sheria hiyohiyo inasema waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi, wakijulikana kama mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana hadi ithibitishwe vinginevyo. Mwanamke wa kambini ambaye ndugu wa marehemu wanamwita hawara anaweza basi kudai haki za mjane. Tayari una sababu ya mtu kuua, au ya mtu kusingiziwa kuua.

SWALI: Hadithi yangu inategemea kivuko cha Kigongo–Busisi. Mshukiwa alikosa kivuko cha mwisho, akalala upande wa pili na mwanamke, na huo ndio utetezi wake. Inafaa bado? (Dereva, Usagara)

JIBU: Inafaa kama usiku huo ni kabla ya Juni 2025, daraja lilipofunguliwa. Sasa kilomita zile 3 zinavukwa kwa gari kwa dakika chache, saa yoyote. Andika mwaka wa tukio kwenye sura ya kwanza, la sivyo msomaji wa Sengerema atakifunga kitabu. Ukitaka hadithi ya leo, ihamishie Ukara, ambako hakufikiki ila kwa maji. Tunasikitika kidogo kwa niaba ya waandishi: foleni ya kivuko ilikuwa mahali pazuri pa wawili kukaa saa nzima bila kuwa na sababu ya kuagana. Huko Ukara, ufanye utetezi wake uwe na gharama. Akimtaja mwanamke aliyelala kwake anaokoka yeye na kumwangamiza mwenziwe, na akinyamaza anafungwa. Mtu asiye na cha kupoteza kwa kusema ukweli angeusema siku ya kwanza, na hadithi ingeishia hapo.

SWALI: Lazima waoane mwishoni? (Msomaji, Musoma)

JIBU: Hapana. Kinacholazimika ni mpangilio. Muuaji ajulikane kwanza, ndipo jambo la wawili lijibiwe. Ukiyajibu yote mawili kwenye sura moja, moja linameza jingine. Baada ya kufichuliwa muuaji una maneno 1,000 hadi 1,500 kabla msomaji hajaanza kufungasha. Yatumie kujibu swali lile tu ambalo mauaji yaliliweka kati yao: je, anaweza kuishi na mtu aliyewahi kumshuku? Mkono ulioandika maelezo yake polisi unaweza kumpakulia ugali? Kama jibu ni ndiyo, waoneshe wakifanya jambo moja dogo ambalo katikati ya kitabu walishindwa kulifanya. Kama ni hapana, mmoja apande boti na mwingine asikimbie gatini kumzuia. Na usimuue mpenzi kwenye ukurasa wa mwisho ili mpelelezi abaki huru kwa kitabu kijacho. Wasomaji wanauona mkono wa mwandishi pale, na kitabu kijacho hawakinunui. Sura ikizidi maneno hayo, kata mwanzoni mwake, kwenye maelezo ya nani alifanya nini, maana hayo yalipaswa kwisha sura iliyotangulia.